Neno Nililoliongeza Katika Tangazo la Chama

Eldoret,
6 Juni 1956

Mpendwa Bwana Mshauri,

Pokea salamu zangu, mimi msomaji wako wa kila Jumamosi hapa Eldoret, au Sisibo kama sisi wa hapa tunavyopaita, na baada ya salamu naomba msaada wa mawazo kwa maana nimefanya jambo ambalo nikiwa kazini naliona dogo na nikikaa kula naliona kubwa, na jina langu tafadhali usilichape, niite Katibu tu, kwa sababu ukatibu ndio ulioniingiza humu.

Tuna chama chetu kinachoitwa Chama cha Wachunguzi wa Maisha ya Jamii, makao makuu yako Nairobi na sisi wa Eldoret ni tawi, wanachama kumi na wawili, walimu, makarani na dresa mmoja wa hospitali, watu ambao wakati mmoja au mwingine tumefanya kazi na wale wazungu wa sosholojia wanaokuja kuchunguza watu wanavyoishi, wanakula nini, wameoa wapi, wamehama kutoka wapi, na sisi ndio tunaotembea na karatasi za maswali katika lokesheni ya Waafrika na katika mashamba ya makaburu mpaka watu wametupa jina la Watu wa Maswali. Kila mwezi Nairobi hutuletea karatasi ya habari za chama, imeandikwa Kiingereza kitupu, ina nafasi za kazi na za masomo, mikutano itakayofanyika, nani amehamishwa na nani amefiwa, na kazi yangu ni kuigeuza iwe Kiswahili, kuisoma mbele ya wenzangu Jumapili ya tatu baada ya kanisa, halafu kuibandika ukutani kwenye holi ya lokesheni. Ile ya Kiingereza hubaki kwangu kwenye faili na hakuna anayeiomba. Nimefanya hivyo miaka minne na sijaambiwa hata siku moja kwamba nimekosea.

Mwezi wa Mei karatasi ilikuja na habari za kawaida, pongezi kwa mwanachama wa Machakos aliyeandika juu ya vilabu vya pombe, mkutano mkuu wa Agosti, watu wanaotakiwa kuhesabu maskwota wanaokaa kwenye mashamba ya wazungu upande wa Turbo, na chini kabisa tangazo ambalo liliufanya moyo wangu uruke: nafasi moja ya kwenda Kampala mwaka mzima kusomea elimu ya jamii, na kila tawi lipeleke majina ya wanaofaa. Masharti ni kwamba mtu awe amefanya kazi ya maswali miaka miwili, ajue lugha mbili za wenyeji mbali na Kiswahili, na awe tayari kukaa mbali na nyumbani, na Kiingereza si lazima kiwe kingi kwa maana miezi mitatu ya kwanza watu watafundishwa. Maombi yafike Nairobi kabla ya tarehe 30 Juni.

Sasa Bwana Mshauri, katika tawi letu kuna mwanamke mmoja tu, nitamwita Kavetsa ingawa silo jina lake. Baba yake ni Mmaragoli aliyekuja kulima kwa kaburu mmoja upande wa Soy, naye amezaliwa hapo shambani, kwa hiyo Kimaragoli anacho cha mama yake na Kinandi anacho cha watoto aliokua nao, vyote anavisema kama maji, na kazi ya maswali ameifanya miaka mitatu. Mimi nina Kibukusu changu, na Kinandi cha kununulia maziwa.

Ni yeye aliyetuondolea aibu kule Chepsaita. Sisi wanaume tulikuwa tunauliza, nyumba hii ina watu wangapi, mzee anajibu ishirini na wawili, maana anahesabu wake zake watatu na watoto wao wote na ndugu zake, kesho yake tukimuuliza mke wake mmoja swali lile lile anasema watano, maana kwake nyumba ni ile anayopika yeye, na mzungu wetu akaona hesabu hazipatani akatugombeza wote. Kavetsa akaliacha neno nyumba kabisa, akaanza kuuliza, "Mama, jana jioni ugali wa sufuria yako ulikuliwa na nani na nani?" na akina mama wakawa wanataja jina moja moja, mpaka shemeji anayekula hapa na kulala kwingine. Tangu siku hiyo sisi wote tunahesabu sufuria.

Nilipokaa kutafsiri lile tangazo nikakuta Kiingereza kimesema "he", na "he" kama nilivyofundishwa ni mwanamume, nikaandika, "Mwombaji awe mwanamume aliyefanya kazi ya maswali miaka miwili." Nakuapia Bwana kwamba wakati wa kuandika sikusimama kufikiri, au labda nilisimama kidogo, sijui. Jumapili tarehe 20 nikaisoma, watu wakapiga makofi, na Kavetsa aliyekuwa benchi la nyuma akanikuta baadaye nikibandika karatasi ukutani, mwenzetu mmoja anaitwa Kiprono akiwa amenishikia misumari.

"Katibu," akaniuliza, "hiyo maneno ya mwanamume iko kwa karatasi ya Nairobi, ama ni wewe umeweka?"

"Iko, dada. Ni mambo ya Nairobi, si yangu."

"Basi sawa. Kama ni Nairobi wamesema, mimi nitafanya nini?"

Kiprono akacheka, akasema, "Kampala ni mbali, dada. Huko utapikia nani?" na Kavetsa akachukua kitabu chake cha nyimbo akaenda zake.

Basi Mzee Kimutai, mwenyekiti wetu, mwalimu mstaafu anayekaa Kiplombe, akauliza nani anaomba, nikatokea mimi peke yangu, maana wengine wana lugha moja au wana wazee wa kutunza, na Mzee akatia sahihi fomu yangu bila swali kwa sababu ananiamini, na pale panapouliza kazi uliyofanya nikaandika kwamba huko Chepsaita tulibuni njia ya kuhesabu watu kwa sufuria. Fomu imekwenda kwa treni tarehe 28. Mke wangu Namalwa ameshaandikia watu wa kwao Kimilili kwamba mume wake anakwenda chuo, kwaya imeniombea, na mzungu wangu wa ghala la ngano ninakofanya kazi amekubali kunishikia kazi yangu mpaka nirudi.

Jumapili iliyopita Kavetsa akaja kuniaga. Anaacha chama. Amepata kazi ya yaya kwa mzungu mmoja huko Soy, anaanza mwanzo wa Julai, na akanipa karatasi zake za maswali zote za miaka mitatu, zimefungwa vizuri kwa kamba ya katani. Akasema, "Peana hizi kwa mwenye atafuata. Nimeandika pembeni nani anasema ukweli na nani anaogopa mzungu." Nimeziweka juu ya meza nyumbani, na nikizitazama chakula hakishuki.

Bwana Mshauri, nikisema ukweli nitaonekana mwongo mbele ya tawi zima, ukatibu utaniponyoka, Mzee atanidharau na mke wangu sijui nitamwambia nini, na nikinyamaza huyu dada ataenda kufua nepi za watoto wa watu hali anajua kazi hii kunishinda mimi. Nimewaza pia njia ya katikati, kwamba niende Kampala, nisome, na nikirudi na cheti nimtafutie kazi nzuri chini yangu, je, hiyo haitoshi? Na je, ni kosa langu kweli, kama wazungu wenyewe ndio walioandika "he"? Nijibu upesi kwa maana mkutano wetu ni tarehe 17.

Ni mimi,
Katibu, Eldoret

*

Jibu la Mshauri

Katibu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na kila mara uliponitaja uliniita Bwana. Nani alikuambia mimi ni bwana? Juu ya ukurasa huu pameandikwa Mshauri, basi. Mimi ni mama wa watoto wanne na nimekalia kiti hiki miaka mitano. Sijaudhika, nimezoea. Lakini utazame mkono wako unavyofanya kazi: ulikuta neno lisilo na mume wala mke, ukaliongezea bwana bila kuombwa na mtu. Lile tangazo ulilifanyia vivyo hivyo.

Unasema Kiingereza kiliandika "he". Kweli kiliandika. Lakini Kiswahili hakikukudai uitafutie hiyo "he" neno mwenzake. Ungeandika "awe amefanya kazi ya maswali miaka miwili", na hapo pangeingia wewe, Kavetsa, na dresa wenu pia kama angetaka. Kumfungia nje kulihitaji kazi zaidi: ilibidi uchovye kalamu tena uandike neno ambalo sentensi haikulihitaji. Wazungu wakiandika masharti yao huandika "he" wakiwa na maana ya mtu yeyote. Sheria ya taa za baiskeli imeandikwa hivyo hivyo, na sijasikia mama aliyekamatwa bila taa pale Eldoret akaachiliwa kwa sababu ya sarufi.

Hata hivyo kosa la kutafsiri ningekusamehe. Kuteleza si kuanguka, na aliyejifunzia Kiingereza darasani huwa na mitego yake. Ulianguka pale ukutani. Kavetsa alikuuliza kwa Kiswahili, ukamjibu kwa Kiswahili, hapakuwa na kitu cha kutafsiri, na ulichomjibu kilikuwa uwongo. Tena alikuuliza kwa sababu alishuku, na akanyamaza kwa sababu alikuamini kuliko alivyoamini shaka yake. Hilo ndilo linalokuzuia kumeza chakula, na ni vizuri likuzuie.

Najua unachotaka. Miaka minne umewasomea watu nafasi za watu wengine, mmoja anahamia huku, mwingine anapandishwa kule, na wewe asubuhi unarudi ghalani kwenye magunia. Mlango ukafunguka mara moja tu. Kutaka kuingia si dhambi, mimi mwenyewe niliingia hapa kwa kusukuma. Na umeandika barua, ambapo wengi wangekunja mkeka wakalala. Kwa hilo nakupongeza, na pongezi hiyo uitunze, maana katika jibu hili sina nyingine.

Sasa tuje kwenye hiyo "tulibuni". Katika barua yako, Kavetsa aliliacha neno nyumba, Kavetsa aliuliza sufuria. Mkifika kwenye fomu mnakuwa wengi. Haya, nitajie aliyekuwa pamoja naye siku hiyo akibuni. Hukumtaja kwa sababu hayupo. Ninyi wengine mlikuwa mnagombezwa.

Na njia yako ya katikati, ya kumwajiri chini yako ukirudi, sitaki kuisikia tena. Mtu akikuibia ng'ombe halafu akakuletea kibuyu cha maziwa, ng'ombe bado yuko zizini kwake, na wewe unatakiwa useme asante kila asubuhi. Afadhali ungemwambia kwamba humpendi, angejua pa kukukwepa.

Sikutosheka na maneno yako peke yake. Wiki iliyopita nilikwenda kwa miguu yangu ofisi ya chama chenu hapa Nairobi, nikaomba kuona tangazo na fomu, sikutaja tawi wala mtu. Karani wao, kijana wa adabu, aliniambia kuna tawi moja limeshaleta majina ya wanawake wawili, na kwamba wao walipeleka kila tawi fomu tano, wakashangaa matawi mengine kurudisha moja tu. Basi zako nne ziko wapi, Katibu? Nadhani ziko kwenye lile faili ambalo hakuna anayeliomba.

Jina lako sikulichapa, na majina mengine niliyoyaona nimeyageuza. Lakini tawi lenu la Eldoret lina katibu mmoja, na ulilijua hilo ulipobandika stempu. Gazeti hili litakuwa Sisibo Jumamosi tarehe 16, na kufikia jioni watu wa kwaya watakuwa wameshajua ni nani. Kwa hiyo nakala ya jibu hili nimekupelekea kwa posta, ikufikie Ijumaa. Nimekupa siku moja, usiipoteze kwa kulia.

Ijumaa hiyo hiyo, kabla hujatoka nyumbani, mwambie mke wako. Mwambie yote, na la pale ukutani pia. Akilisikia bombani kutoka kwa wanawake wenzake utakuwa na kesi mbili. Atakasirika kwa ajili ya barua aliyoipeleka kwao, naye ana haki. Atakayemwandikia mama mkwe wako barua ya pili ni wewe, si yeye.

Kisha panda baiskeli uende Soy. Chukua karatasi ya Nairobi yenyewe, ile ya Kiingereza, pamoja na fomu tupu na kile kifurushi chake cha karatasi za maswali. Usianze na hali ya hewa. Sema, "Neno mwanamume niliweka mimi, na uliponiuliza nilikudanganya." Halafu nyamaza. Akikutukana, sikiliza. Akikufungia mlango, acha vitu hivyo kwa mama yake na umweleze mama maneno yale yale. Usimwombe akusamehe siku hiyo. Amepewa kazi nyingi ya bure tayari. Ukiulizwa, msaidie kuandika Kiingereza cha fomu, maana kuwasaidia wanachama kuandika ndiyo kazi ya katibu.

Ukitoka hapo pita Kiplombe kwa Mzee. Mwache aseme anavyotaka, kwa maana sahihi yake uliitumia bila yeye kujua kilichokuwa chini yake. Jumapili usimame holini usome tangazo upya kama lilivyo. Kama watakuvua ukatibu, wape ufunguo wa kabati bila ghasia. Kama watakuacha, basi kuanzia mwezi huu karatasi ya Kiingereza ibandikwe ukutani kando ya tafsiri yako, kila mwezi, na huyo Kiprono wenu mwenye maneno mengi awe wa kwanza kuzilinganisha.

Fomu yako usiiondoe. Najua wazo hilo litakujia, kwa sababu ni rahisi na linapendeza mbele za watu. Andika Nairobi usahihishe mambo mawili: jina la aliyebuni njia ya sufuria, na ukweli kuhusu Kinandi chako cha maziwa. Baada ya hapo shindana. Ukishindwa, utakuwa umeshindwa na mtu anayeijua kazi kukupita, jambo ambalo umeliandika mwenyewe kwa mkono wako. Ukishinda, utakwenda Kampala na tumbo linalopokea chakula. Njia ya mwongo ni fupi, Katibu, na yako imefika mwisho wake hapa kwenye ukurasa wangu.

Nimemaliza na yeye. Sasa nasema nawe, dada wa Soy, ambaye jina lako sikupewa. Ikiwa umesoma gazeti hili kabla hajakufikia, usimngoje. Fomu tupu ziko kwake au kwa mwenyekiti. Nenda ukaidai, ni mali ya wanachama, na wewe hujafutwa chamani kwa kumrudishia mtu karatasi zilizofungwa kamba. Kazi ya yaya ni kazi halali, lakini bado hujaianza, na huyo mama wa Kizungu anaweza kuambiwa ukweli kwamba umeomba pengine. Siku ya mwisho ni tarehe 30. Barua ya treni huchukua siku mbili, basi ipe nne.

Fomu hiyo nimeisoma yote, mistari kumi na minne. Inauliza jina, mahali ulipozaliwa, lugha unazosema, miaka ya kazi na jinsi unavyoifanya, na jina la mtu wa kukushuhudia. Hakuna mstari unaouliza kama wewe ni mwanamume. Ijaze kwa wino, utie sahihi, na uipeleke posta wewe mwenyewe.

Mshauri